Fahamu: Kwa nini samaki hufa ghafla Mto Mara

Samaki waliokufa wakionekana wakielea Mto Mara, watu hushuku haraka migodi au dawa za mashambani. Vipimo vya oksijeni vilivyoachwa mtoni usiku na mchana vilifichua chanzo kingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza kuwa viboko zaidi ya 4,000 upande wa Kenya hurundika kinyesi kwenye vidimbwi vyao wakati wa kiangazi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayo meusi husombwa kwa mkupuo, oksijeni huporomoka, na samaki hukosa hewa ndani ya saa chache.

Chupa ya maji iliyochotwa siku kadhaa baadaye isingeonyesha hilo. Na siku kemikali zikiingia kweli, ni vipimo hivyohivyo vya kudumu vitakavyotoa ushahidi. Kuviondoa ili kubana matumizi ni kosa kubwa.