Kikohozi Kisichoisha: Mafundisho juu ya Kansa ya Mapafu

Hapa Kalemie watu wengi wanakohoa. Mmoja anasema ni baridi ya ziwa, mwingine anasema amelogwa. Anakaa nyumbani mpaka nguvu zimeisha. Usifanye hivyo. Soma maneno haya.

1. Ni ugonjwa gani?
Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, na kila chembe ina kazi yake. Chembe zikiasi, zinaongezeka bila kipimo na kufanya uvimbe. Hiyo ndiyo kansa. Haiambukizi, kula pamoja na mgonjwa bila hofu.

2. Inatoka wapi?
Zaidi inatoka katika tumbako. Mwaka 1950, huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha kwamba kadiri mtu anavyovuta sigara nyingi, ndivyo hatari inavyozidi. Moshi wa sigara ya baba unaingia pia katika mapafu ya mtoto. Moshi wa kuni nao unadhuru mapafu: mama unayekausha mikebuka, weka moto nje, usimame mahali ambapo upepo hautakuletea moshi. Lakini wako wanaougua bila kuvuta hata siku moja. Basi tusimhukumu mgonjwa.

3. Dalili zake
Kikohozi kinachopita wiki 2, makohozi yenye damu, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, sauti kukauka, kukonda. Kifua kikuu kina dalili kama hizi, nacho kinapona kwa dawa. Kwa hiyo kwanza leta makohozi yapimwe. Lakini kama kifua kikuu hakikuonekana, au umemaliza dawa zote na ungali unakohoa, rudi kwa mganga, uombe picha ya kifua. Kuhakikisha kansa, waganga wanatoa kipande kidogo cha uvimbe na kukipima.

4. Hatua nne
Fikiri moto shambani. Hatua ya 1: unawaka pembeni, uvimbe ni mdogo, ndani ya pafu moja. Ya 2: uvimbe umekua, au umefika kwenye tezi za pafu lile. Ya 3: umefika kwenye tezi za katikati ya kifua. Ya 4: cheche zimeruka mbali, mpaka pafu la pili, ini, mifupa au ubongo.

5. Matibabu
Moto wa pembeni unazimika: mapema, waganga wanaweza kupasua na kuondoa uvimbe. Ukienea, kuna dawa za kansa na miale. Mara nyingi haviponyi kabisa, lakini vinaweza kuongeza siku na kupunguza mateso. Huenda ukatumwa mbali, kama Lubumbashi au Kinshasa. Hata pasipo tumaini la kupona, maumivu yana dawa, na kanisa lina kazi ya kumtembelea mgonjwa.

6. Ufanye nini leo?
Acha tumbako. Mtu akiiacha miaka 10, hatari yake ya kansa hii inapungua karibu nusu. Waambie nyumbani wakusaidie, uombe Mungu akupe nguvu. Na kama unakohoa sasa, usingoje mwezi ujao. Maombi na hospitali havipingani: omba, kisha uje.