Vinyweleo Vinaposimama: Muziki na Hisia za Binadamu

Miongoni mwa mambo yanayoweza kuutikisa mwili wa binadamu bila kuugusa, muziki una nafasi ya pekee, kwa kuwa msikilizaji aliyeketi kimya, asiyeona baridi wala hofu, anaweza ghafla kuhisi ubaridi ukimpita mgongoni, vinyweleo vya mikono vikasimama na machozi yakamlengalenga, ilhali kilichomfikia ni mtetemo wa hewa tu. Kusimama kwa vinyweleo ni urithi wa kale wa mamalia: misuli midogo iliyo kwenye mashina ya nywele hujikaza ili manyoya yahifadhi joto, au ili mnyama aliyetishwa aonekane mkubwa mbele ya adui. Binadamu, ambaye hana tena manyoya ya kutosha kwa kazi hiyo, amebaki na misuli yenyewe pamoja na mfumo wa neva unaoiendesha, ule ule unaosimamia mapigo ya moyo, pumzi na jasho bila hiari ya mtu. Linalowashughulisha wanasayansi ni jinsi wimbo, usiomshibisha mtu wala kumdhuru, unavyoweza kuuamsha mfumo huo.

Jibu muhimu lilitoka Montreal, Kanada, mwaka 2001, pale Anne Blood na Robert Zatorre wa Chuo Kikuu cha McGill walipowataka wanamuziki kumi wachague, kila mmoja kwa hiari yake, muziki unaomsisimua mwili, kisha wakapima mtiririko wa damu katika ubongo wao walipokuwa wakiusikiliza. Kadiri msisimko ulivyozidi, ndivyo mapigo ya moyo na pumzi yalivyokwenda kasi, na damu ikaongezeka katika sehemu za ndani za ubongo zinazoamshwa pia na chakula, tendo la ndoa na dawa za kulevya, huku ikipungua katika amigdala, kiini kidogo kinachohusika sana na hofu. Miaka kumi baadaye Valorie Salimpoor, akifanya kazi na Zatorre na wenzake, aliifuatilia dopamini, ambayo ni kemikali inayotumiwa na seli za neva kupelekeana ishara, hasa zile zinazohusu thawabu na hamu ya kuipata. Ilibainika kwamba dopamini hutolewa katika sehemu mbili kwa nyakati mbili tofauti: kwanza katika eneo liitwalo kaudeti, sekunde chache kabla ya kilele cha muziki, wakati msikilizaji bado anakingoja, kisha katika eneo jirani liitwalo nukliasi akumbensi, kilele chenyewe kinapofika. Kungoja, kwa maneno mengine, ni sehemu ya utamu wenyewe, na ndiyo maana wimbo uliokwisha kusikika mara nyingi huendelea kusisimua hata pale ambapo hauna habari mpya ya kutoa.

Uhusiano huo wa dopamini na raha ya muziki ungeweza kudhaniwa kuwa sadfa, kama si jaribio lililochapishwa mwaka 2019 na Laura Ferreri na wenzake, ambapo watu walewale walisikiliza muziki wakiwa wamepewa, katika siku tofauti, levodopa, inayoongeza dopamini na hutumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, au risperidoni, inayozuia kazi ya kemikali hiyo, au kidonge kisicho na dawa. Levodopa iliongeza raha waliyoipata na risperidoni ikaipunguza.

Msingi wa nadharia uliokuwa ukisubiri ushahidi wa namna hii ulikwisha kuwekwa mwaka 1956 na Leonard Meyer, mwanazuoni wa muziki wa Marekani, aliyedai kwamba hisia huzaliwa pale matarajio ya msikilizaji yanapochelewa kutimizwa au yanapokwenda kinyume. Ubongo haupokei sauti kwa unyonge. Kila noti inapopita huwa tayari umekwisha kukisia ijayo, na uwezo huo huanza mapema mno, kwani uchunguzi wa mwaka 2009 ulionesha kwamba ubongo wa mtoto mwenye siku mbili au tatu tangu kuzaliwa hushtuka pigo kuu la mdundo linaporukwa. Hata hivyo, mshangao peke yake hauleti raha, kwani kelele za ovyo zina mshangao mwingi kuliko wimbo wowote. Vincent Cheung na wenzake, waliochambua mikordi 80,000, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, kutoka nyimbo 745 zilizovuma Marekani, waligundua kwamba msikilizaji hufurahi zaidi anapokuwa na hakika ya kitakachofuata kisha akashangazwa, au anapokuwa na mashaka kisha akaletewa kile cha kawaida.

Hakuna aliyeijua kanuni hiyo kwa vitendo kuliko mwimbaji Umm Kulthum wa Misri, aliyefariki mwaka 1975, ambaye maonesho yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yalirushwa na redio ya Cairo kwa miongo kadhaa, na ambaye wimbo wake mmoja uliweza kuchukua zaidi ya saa nzima kwa sababu aliurudia mstari uleule tena na tena, kila mara akiupinda kwa namna mpya, huku akiichelewesha ile hatua inayorudisha lahani kwenye noti yake ya nyumbani. Mara aliporudi, ukumbi ulilipuka kwa kelele za kumtaka arudie. Ufundi huo ulivuka bahari pamoja na sahani za santuri hadi Unguja na Mombasa, ambako taarabu ilikuwa imeshikana na muziki wa Misri tangu enzi za Sultani Barghash, na ambako msikilizaji aliyeguswa hujibu kwa mwili mzima: huinuka, hucheza taratibu hadi jukwaani na kumtunza mwimbaji fedha. Ni kweli kwamba mara nyingi anayetunza amechomwa na fumbo lililo katika maneno na si na udi wala fidla, na ingekuwa vigumu kwa maabara yoyote kuvitenganisha viwili hivyo.

Matarajio yenyewe hujengwa na malezi. Sikio lililozoea makamu za Kiarabu, yaani mifumo ya kupanga noti katika muziki huo, husikia utamu katika noti zilizo kati ya nusu toni, ambapo sikio geni husikia ala isiyotiwa sauti sawasawa. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake waliripoti kwamba Watsimane, wakazi wa msitu wa Amazoni nchini Bolivia, waliiona mikordi ambayo Wazungu huiita mikwaruzo kuwa mizuri sawa na ile inayopatana. Wale wasemao kwamba muziki ni lugha ya ulimwengu mzima, basi, wamesema nusu ya ukweli. Nusu hiyo ipo, kwani mwaka 2009 Thomas Fritz na wenzake waliwachezea Wamafa wa kaskazini mwa Kameruni, ambao hawakuwahi kusikia muziki wa Magharibi, vipande vya piano, nao wakatambua vya furaha, vya huzuni na vya kutisha kwa kiwango kilichozidi kubahatisha.

Inaelekea kwamba kilichowasaidia ni sauti ya binadamu, maana mtu mwenye huzuni husema polepole, kwa sauti ya chini isiyopanda sana, naye mwenye furaha huharakisha na kupandisha, na muziki unaoigiza mienendo hiyo hueleweka pasipo mafunzo. Jaak Panksepp, mtafiti wa hisia za wanyama, alionesha mwaka 1995 kwamba muziki wa huzuni husimamisha vinyweleo mara nyingi kuliko wa furaha, akapendekeza kuwa unaamsha mwitikio wa kale wa mzazi anayesikia kilio cha mtoto aliyepotea; pendekezo la kuvutia, ingawa ni gumu kuthibitisha.

Wapo pia watu wachache ambao haya yote hayawafikii. Josep Marco-Pallarés na wenzake wa Barcelona walieleza mwaka 2014 hali ya watu wenye afya, wasio viziwi wala wenye sonona, wanaoweza kutambua kwamba wimbo fulani ni wa huzuni, lakini moyo wao hauongezi pigo. Watu haohao, wakipewa mchezo wa kushinda fedha, hufurahi kama wengine. Uchunguzi uliofuata mwaka 2016 ulionesha kwamba kwao gamba la ubongo linalochambua sauti na nukliasi akumbensi havishirikiani ipasavyo wakati wa kusikiliza, ingawa kila kimoja kinatenda kazi yake bila kasoro.