Je, Wajua? Frankenstein na Kesi za Wanyonge

Je, wajua kwamba Frankenstein si jina la lile jitu la kutisha? Ni jina la aliyeliumba, Victor Frankenstein, kijana wa ukoo wa Geneva uliotoa viongozi na mahakimu kizazi baada ya kizazi. Jitu lenyewe halipewi jina kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Je, wajua kwamba Mary Shelley alikuwa na miaka 18 alipoianza riwaya hii, Juni 1816, kando ya Ziwa Geneva? Volkano ya Tambora, Indonesia, ilikuwa imelipuka Aprili 1815, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi: mvua, baridi, mavuno mabovu, mkate ghali, fujo za wenye njaa. Mary na wenzake, waliofungiwa ndani na mvua, wakashindana kutunga hadithi za mizuka. Njaa haikuwa kwao. Mwenyeji wao, Byron, alikuwa lodi mwenye kiti katika baraza la juu la Bunge la Uingereza. Ila tumpe chake: mwaka 1812 alisimama humo kupinga muswada wa kuwanyonga wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliovunja mashine. Muswada ukapita.

Je, wajua babake Mary alikuwa nani? William Godwin, aliyetoa mwaka 1794 riwaya ya mtumishi anayegundua kwamba bwana wake ni muuaji, kisha anayewindwa nchi nzima ni mtumishi. Mamake, Mary Wollstonecraft, aliandika kitabu cha kutetea haki za wanawake mwaka 1792. Alifariki siku chache baada ya kumzaa binti huyu.

Frankenstein ilitoka London tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Walter Scott aliihakiki akidhani imeandikwa na mume wa Mary.

Je, wajua kwamba katika riwaya hii mahakama inaua pia? Justine Moritz ni mtumishi wa nyumba ya akina Frankenstein. Mdogo wake Victor, William, anauawa na lile jitu, na picha ndogo aliyokuwa ameivaa mtoto inakutwa mfukoni mwa Justine. Usiku huo alikuwa akimtafuta mtoto. Malango ya mji yakafungwa, akalala ghalani. Jitu ndilo lililomwekea ile picha, na baadaye linaeleza kwamba hila hiyo liliipata kwa kujifunza sheria za binadamu. Lilijua sheria itamkamata nani. Elizabeth, mchumba wa Victor, anamtetea kortini, lakini utetezi unageuka sumu: watu wanamwona Justine mtovu wa shukrani kwa waliomlea. Padri anamtisha kwamba atatengwa na Kanisa, naye anakiri kosa asilolitenda. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Justine alinyongwa, haki yake hakupewa.

Na Victor? Alimjua muuaji. Nyumbani alisema Justine hana hatia, lakini la jitu hakulitamka kwa hakimu, akihofia kuonekana kichaa. Hofu hiyo ilikwisha baadaye, Elizabeth, sasa mkewe, alipouawa: hapo alikwenda kwa hakimu na kusimulia kila kitu. Kwangu mimi, ukimya ule wa kwanza ndio uhalifu mzito kuliko yote kitabuni.

Je, wajua kwamba Victor naye alishtakiwa kwa mauaji asiyoyafanya? Ilikuwa Ireland, baada ya maiti ya rafiki yake Clerval kuokotwa ufukweni. Ila yeye alipewa chumba bora gerezani, daktari na muuguzi. Hakimu mwenyewe alishughulikia mashahidi na utetezi wake, na baba mtu alisafiri kuja kumwona. Ikathibitishwa kwamba alikuwa visiwa vya Orkney saa maiti ilipopatikana, akaachiwa huru.

Je, wajua kwamba Elizabeth aliwahi kumwandikia Victor akijisifu kwamba watumishi wa Geneva wana heshima kuliko wa Ufaransa na Uingereza? Barua hiyo imo sura ya 6 ya toleo la 1831. Mtumishi aliyetajwa humo, Justine, ananyongwa sura ya 8.

Toleo hilohilo lina jambo jingine. Mamake Victor anaingia kibanda cha maskini karibu na Ziwa Como, anakuta watoto watano wenye njaa, anamchukua mmoja: mweupe zaidi, mwenye nywele za dhahabu, ambaye kumbe ni binti wa mkubwa wa Milano. Huyo ndiye Elizabeth. Wale wanne hatuwasikii tena.

Je, wajua jitu lilisoma wapi siasa? Kwenye ufa wa ukuta. Lilichungulia familia fukara ya De Lacey wakimsomea mgeni kitabu cha Volney, likajifunza kwamba watu wamegawanyika kwa mali na nasaba, na asiye na kimojawapo huhesabiwa mzururaji au mtumwa. Likajitazama: halina hata kimoja.

Je, wajua kwamba mwaka 1824 waziri wa Uingereza, George Canning, alilitumia jitu hili Bungeni kupinga kuwaacha huru watumwa wa Karibi kwa ghafla? Mwandishi Elizabeth Gaskell naye, katika riwaya ya 1848, aliwafananisha wafanyakazi wasiosoma na jitu, akaliita Frankenstein.

Tamthilia ya 1823 ililifanya jitu bubu, na filamu ya 1931 ikafuata, wakati kitabuni linajieleza kwa sura nzima nzima. Ukikipata kitabu na huna muda, soma sura ya 8, kisha ruka moja kwa moja hadi ya 21, uzilinganishe kesi hizo mbili mwenyewe.