Duka la Dawa Si Duka la Sukari

Mkulima wa Gikondi au Rugi afikapo sokoni Mukurweini kununua sukari huipima kwa macho, na chumvi huijaribu kwa ulimi. Mbolea ikiwa mbaya, mahindi yatamwambia. Lakini kidonge cheupe hakisemi neno. Kidonge cha kweli na kile cha chokaa vyaweza kufanana kama mapacha, na atambuaye tofauti mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe, siku zikiwa zimekwisha kupita bure. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa, katika nchi zenye mapato madogo na ya kati, dawa moja katika kila kumi ni ya bandia au haikufikia kipimo kitakiwacho.

Ndiyo sababu sheria haikumwachia kila mwenye duka auze dawa apendavyo. Sheria ya Famasia na Sumu ilianza kutumika nchini Kenya mwaka 1957, zamani za ukoloni, na ingali yatumika baada ya kurekebishwa mara nyingi. Chini yake iko Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo huwaandikisha wafamasia na mafundi wa dawa, na kutoa leseni za maduka. Vyeti hivyo hutundikwa ukutani vipate kuonekana. Kuvisoma si utovu wa adabu, ingawa wazee wengine huona haya kufanya hivyo mbele ya kijana aliyevaa koti jeupe. Tena cheti chenye jina la mtu asiyefika dukani ni karatasi tu. Kinachomlinda mgonjwa ni macho ya mjuzi mwenyewe.

Dawa iliyotoka kiwandani ikiwa safi yaweza kuharibikia dukani. Boksi lililowekwa dirishani lipigwe jua mchana kutwa hupungukiwa na nguvu hata kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Insulini, dawa ya wenye ugonjwa wa kisukari, yataka kuhifadhiwa katika friji, baina ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi. Ikiganda barafu imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Basi umeme ukikatika usiku kucha, mwuzaji mwaminifu hutazama kipimajoto asubuhi kabla ya kuuza.

Mteja naye asikubali vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti bila jina wala maelezo. Pakiti iandikwe jina la dawa, kiasi cha kumeza, na nyakati zake. Tena namba ya toleo ina faida kubwa kuliko watu wadhanivyo. Mwezi wa Aprili 2024, baada ya maabara ya Nigeria kutangaza kwamba imekuta sumu katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini, Kenya nayo iliamuru toleo hilo liondolewe madukani. Wenye kiwanda walisema vipimo vyao havikuona sumu hiyo; lakini mama aliyekuwa na chupa nyumbani angejuaje kama ni ya toleo hilo, ikiwa karatasi yake imebanduliwa? Jambo lenyewe halikuwa la mzaha: mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa Gambia, na dawa za kikohozi zenye sumu ya namna hiyo ndizo zilizotajwa kuwa chanzo.

Mwuza dawa mwenye maswali mengi asichukiwe. Aulizapo umri wa mtoto, uzito wake, na dawa nyingine anywazo, ana sababu: dawa ya homa na dawa ya mafua zaweza kuwa na parasetamoli zote mbili, na mtoto akapewa maradufu, ini likaumia. Atakayeuza dawa ya kuua vijidudu nusu dozi kwa kuwa fedha za mteja ni chache hamfanyii hisani, maana vijidudu vinavyosalia huenda vikawa sugu.

Mukurweini ni nchi ya maziwa, basi na ng'ombe nao wasisahauliwe. Dawa yao ya sindano si ya watu, hata ikiwa jina ni moja, na kwenye chupa mara nyingi huandikwa siku ambazo maziwa hayafai kunywewa wala kupelekwa kiwandani. Siku hizo huhesabiwa tangu sindano ya mwisho, si ya kwanza.