Mawe Yaliyocheza Ngoma na Kisiwa Kisichorudisha Mgeni

Je, msomaji, umewahi kupita mahali usiku nywele zikakusimama, ukaongeza mwendo bila kujua unamkimbia nani? Hakuna mji usio na mahali kama hapo. Watu wa Pwani watakutajia magofu ya Gede karibu na Malindi, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, ambao inasemwa wenyewe wa kale bado wanaulinda. Katika Tsavo Magharibi utaonyeshwa uwanda wa lava nyeusi uitwao Shetani, kwa kuwa waliouona moto ukitoka ardhini, miaka kama 200 iliyopita, hawakuwa na jina jingine la kuupa. Nako Uingereza, kasri lisilo na mzimu wake huonekana limepungukiwa heshima!

Leo lakini nakualika safari ya mbali zaidi, kaskazini kwenye jua kali. Funga mkanda, twende Turkana.

WALICHEKA, WAKAWA MAWE

Ukitoka Lodwar kwa barabara iendayo Kalokol, kuelekea Ziwa Turkana, utakuta kando ya njia mawe meusi 19 yaliyosimikwa ardhini kama nguzo. Mengine yamesimama wima, mengine yameinama huku na huko kama walevi watokao arusini. Mahali hapa huitwa Namoratunga, yaani watu wa mawe.

Kisa husimuliwa hivi. Hapo kale kundi la watu lilikuwa likicheza ngoma. Akatokea mgeni, naye akajiunga na mchezo. Kumbe hakuwa mtu, alikuwa pepo mbaya! Wachezaji walipoona uchezaji wake wakaangua kicheko. Mgeni akaghadhibika, na pale pale akawageuza mawe, kila mmoja na mkao aliokuwa nao. Hata leo wapo wapita njia wanaookota kijiwe na kukiweka juu ya nguzo kabla ya kuendelea na safari yao.

Usidhani hii ni hadithi ya Turkana peke yake. Huko Stanton Drew, kusini mwa Bristol nchini Uingereza, kuna duara za mawe makubwa. Wenyeji husema ni watu wa arusi waliocheza Jumamosi hadi Jumapili ikaingia, wakichezeshwa na Ibilisi mwenyewe aliyeshika fidla. Kulipokucha, wote walikuwa mawe. Mturkana na Mwingereza hawakukaa kikao kutunga kisa kimoja. Kila mmoja aliona mawe yamesimama kama watu, akauliza swali lile lile: ni nani hawa?

Wataalamu nao waliuliza. Mwaka 1978, Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo hizi zilipangwa kufuata nyota, zikawa kama kalenda ya watu wa kale. Wengine wakapinga baadaye, wakieleza kwamba mawe yenyewe yana nguvu ya sumaku, na huenda yaliipotosha dira iliyotumika kuyapima.

Jibu zito zaidi lilitoka mahali pengine penye nguzo za aina hii, Lothagam Kaskazini, kusini-magharibi mwa ziwa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba chini ya jukwaa la mawe la mahali hapo kuna makaburi ya watu wasiopungua 580. Walizikwa kati ya miaka kama 5,000 na 4,300 iliyopita, wakati mvua zilipopungua, ziwa likawa linarudi nyuma, na ufugaji ulikuwa ndio kwanza unaingia katika nchi hiyo. Walizikwa wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto wachanga, karibu wote wakiwa na mapambo yao. Haikuonekana alama kwamba mkubwa alitengwa na mdogo.

Naam, msomaji. Palipoitwa pa pepo pamekuwa pa wazazi wa watu.

KISIWA CHA KUTORUDI

Tuvuke sasa maji. Upande wa kusini wa ziwa, mbele ya Loiyangalani, kipo kisiwa cha volkano chenye ukubwa wa kilomita mraba 39. Ramani hukiita Kisiwa cha Kusini. Katika masimulizi huitwa Envaitenet, na inasemwa maana yake ni mahali pasiporudi mtu. Hadithi ni kwamba zamani waliishi watu huko, wakivua na kubadilishana bidhaa na wenzao wa bara. Siku moja wakaacha kuja. Waliokwenda kuwatazama wakakuta vibanda vitupu na majivu baridi.

Hiyo ni hadithi. Lakini kisa cha mwaka 1934 ni historia. Mwaka huo Mwingereza Vivian Fuchs aliongoza msafara wa kuchunguza ziwa hili, ambalo wakati huo liliitwa Rudolf. Wawili kati ya wenzake, Martin na Dyson, walibaki kisiwani wakifanya kazi. Hawakuonekana tena. Walitafutwa, miili haikupatikana. Fuchs aliishi akapata sifa kubwa, maana kati ya 1957 na 1958 aliongoza msafara wa kwanza kulivuka bara la Antaktika kwa nchi kavu. Ila wale wawili wamebaki Turkana.

Je, walichukuliwa na mizimu? Waulize wavuvi habari ya upepo. Upepo wa kusini-mashariki hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na ile ya Kenya, ukapita kwa kasi kama maji kwenye mfereji mwembamba. Ziwa lililotulia kama kioo huweza kuchafuka kwa muda mfupi, na chombo kidogo hakina pa kukimbilia. Mamba nao wamo.

Upepo huo huo leo unazungusha mitambo 365 karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310, iliyounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Huenda taa unayosomea ukurasa huu inawashwa na lile "jini" la kisiwani! Lakini ziwani mashua bado hupinduka, na baba wa watoto bado hupotea. Anayesema ni mizimu hulala usingizi. Anayejua ni upepo atadai jaketi la kujiokolea na habari za hali ya hewa.

JINA LISILO NA MAANA HIYO

Tumalizie Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Wageni wengi wameandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipokuwapo". Wewe msomaji umekua na Kiswahili. Umewahi kulisikia? La hasha! Mmoja alisema, wa pili akanukuu, wa kumi akaapa. Hivyo ndivyo mizimu inavyozaliwa.

Tena pasipokuwapo vipi? Kambi ya hapo ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokuwa wamekimbia vita vya Sudan kwa miguu. Baadaye wakaja wengine kutoka Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000, bila kuhesabu wenyeji Waturkana. Wengi wao waliacha nyuma makaburi ya wazazi wao bila wa kuyafagia. Kizazi kikipita, wapita njia wa huko nao watasema, "Hapa pana mapepo."

Hapo ndipo somo la safari yetu lilipo. Mara nyingi mahali pa mizimu ni mahali penye wafu ambao hakuna tena anayewajua kwa majina.

Basi ukijaliwa kufika Namoratunga pamoja na watoto, usipande juu ya nguzo, usichore jina lako, wala usichukue jiwe la ukumbusho. Wanao wakiuliza kama kweli mawe yale yaliwahi kuwa watu, usiwacheke. Waambie kwamba chini ya mawe kama hayo walilazwa watu, na waliobaki wakayasimamisha ili wasisahauliwe. Kisha mwachie mtoto aweke kijiwe chake.