Kifafa: Usiache Vidonge Ukifika Kariakoo

Vijana wengi wa vijijini huenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na wengi hufikia Kariakoo. Huko hubeba magunia, husukuma mikokoteni, huosha vyombo kwa mama lishe, au hutembeza nguo na viatu katika Mtaa wa Kongo na Msimbazi. Miongoni mwao wamo wenye kifafa. Kijijini walikuwa wakinywa dawa na hawakuwa wakianguka. Wakifika mjini huacha. Sisi tulio katika zahanati za vijijini huwaona wakirudishwa nyumbani na ndugu zao, wengine wakiwa na makovu ya moto.

Je, kwa nini huacha? Kijana hulala chumba kimoja na wenzake wanne au watano. Hataki wamwone akimeza vidonge kila siku. Watu wengi bado wanaamini kwamba kifafa huambukizwa na povu la mgonjwa. Si kweli. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakipiti kwa povu, wala kwa mkojo, wala kwa kula sahani moja. Lakini mtu anayeogopa kufukuzwa chumbani anafikiria kwanza pa kulala.

Sababu nyingine ni dawa yenyewe. Dawa inayotolewa sana ni fenobabitoni. Ni dawa ya zamani, ilianza kutumika Ujerumani mwaka 1912, na bei yake ni nafuu. Hapa nchini daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliitumia kutibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, mkoa wa Morogoro, katika miaka ya 1960. Wengi waliokuwa wametengwa na jamaa zao walipata nafuu.

Hata hivyo dawa hiyo huleta usingizi, hasa katika wiki za kwanza. Sasa mfikirie kuli wa Kariakoo. Lori la mizigo limefika alfajiri, wenzake wameshagawana kazi, yeye bado kichwa ni kizito. Siku hiyo hapati fedha ya chakula. Atauchukia usingizi huo, na mimi simlaumu.

Dawa inavyomdanganya mtu

Fenobabitoni hukaa mwilini siku nyingi. Ndiyo maana hutosha kunywewa mara moja kwa siku. Mtu akiacha Jumatatu, Jumanne huenda asianguke. Jumatano anajisikia mwepesi, anabeba mizigo kama wenzake. Anasema, "Kumbe nimepona!" Kumbe dawa iliyobaki mwilini ndiyo inayomlinda, nayo inapungua kila siku. Baada ya siku kadhaa kifafa hurudi. Mara nyingine hurudi kwa nguvu kuliko zamani. Mgonjwa huanguka, na kabla hajazinduka huanguka tena. Hali hiyo huua.

Kwa hiyo usingizi ukikusumbua, usiache dawa. Rudi kwa mganga umwambie. Anaweza kupunguza kipimo polepole, au kukubadilishia dawa. Kidonge kinywe unapokwenda kulala. Kama unapakua mizigo usiku na kulala asubuhi, mweleze hivyo, mkubaliane saa moja usiyoibadilisha. Ukisahau siku moja, usimeze viwili kufidia. Pombe iache, kwa sababu inaongeza usingizi na inaweza kuleta kifafa. Kukosa usingizi nako huleta kifafa, na hili vijana wa sokoni hawalijui.

Ziko dawa nyingine, nazo zina madhara yake. Fenitoini huweza kuvimbisha ufizi, na ikizidi mtu huyumba kama mlevi. Valproeti humdhuru mtoto aliye tumboni, basi mwanamke anayeweza kupata mimba azungumze na daktari kwanza. Kabamazepini, na hata fenobabitoni, mara chache huleta vipele. Vipele vikija pamoja na homa, au vidonda mdomoni na machoni, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na bahasha ya dawa mkononi. Anayetumia dawa za UKIMWI au vidonge vya uzazi wa mpango aseme pia, kwani dawa kadhaa za kifafa huzipunguza nguvu.

Nitaje na jambo moja la wagonjwa wa akili, maana limewatesa wengi. Wapo wanaopewa haloperidoli. Siku za mwanzo, hasa kwa vijana, shingo inaweza kupinda upande mmoja, macho yakageuka juu, ulimi ukakaza. Jamaa husema jini limepanda, wakaanza kutafuta ubani na kuku. Hilo si jini, ni dawa. Hospitalini iko sindano ya kulegeza misuli, na mgonjwa hutulia upesi.

Soma bahasha

Wewe uliyejifunza kusoma una kinga ambayo wengine hawana. Vidonge vyeupe vinafanana. Fenobabitoni ipo ya miligramu 30 na ipo ya miligramu 100. Ukimwonyesha mwuza duka kidonge tu, ukasema "nipe kama hiki", unaweza kupewa kipimo cha mara tatu, au dawa ya ugonjwa mwingine. Soma jina. Soma namba. Kama havilingani na vile vya kwanza, uliza kabla ya kumeza.

Mwenzako akianguka sokoni, watu wataleta kijiko, kitunguu na kiatu. Wazuie. Msogeze mbali na jiko na barabara, weka nguo chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Tazama saa. Dakika 5 zikipita bila kutulia, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mpeleke hospitali mara moja. Kutoka Kariakoo, Mnazi Mmoja ni karibu, na Muhimbili haiko mbali.

Kabla ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam, pitia zahanati yako. Omba dawa za mwezi mzima na barua yenye jina la dawa na kipimo. Barua hiyo iweke pamoja na nauli, wala si ndani ya begi linalowekwa juu ya basi.