Dang'a na Utumbo wa Mtoto wa Nguruwe: Mlango Unaofungwa kwa Siku Moja

Mtoto wa nguruwe afapo kabla ya kutimiza juma moja, mfugaji huandika katika daftari kuwa amelaliwa na mama yake, au ameuawa na baridi, au amehara. Huenda kila mojawapo ni kweli. Lakini nyuma ya vifo vingi vya namna hiyo ipo sababu isiyoandikwa kwa kuwa haionekani kwa macho: mtoto huyo hakupata maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ya kutosha katika saa zile chache ambazo utumbo wake ulikuwa tayari kuipitisha kinga iliyomo. Makala haya yanaeleza kwa nini saa hizo ni chache, na kwa nini maji ya sukari, ambayo wafugaji wengine huyatoa kwa huruma, yaweza kuzipunguza zaidi.

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na sehemu ya kinga ya mama yake, kwani kingamwili, zile protini za damu zinazopambana na vijidudu, hupita katika kondo la nyuma kabla ya kuzaliwa. Nguruwe hakujaliwa hivyo. Tabaka sita hutenganisha damu ya mama na damu ya mtoto tumboni, na kingamwili haziwezi kuzipenya. Kwa hiyo mtoto huzaliwa na damu ambayo karibu haina kingamwili kabisa, kisha huangukia papo hapo juu ya sakafu iliyojaa vijidudu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo nao wamo katika hali hiyo. Mwaka 1922, huko Marekani, Theobald Smith na Ralph Little walionyesha kuwa ndama walionyimwa dang'a walikufa kwa wingi kutokana na vijidudu vya kawaida vya matumbo, ilhali wenzao walionyonya walisalimika.

Katika siku za mwisho za mimba, nguruwe mama huzikusanya kingamwili kutoka katika damu yake na kuzitia katika dang'a. Tatizo ni jinsi zitakavyofika katika damu ya mtoto. Kingamwili moja ina uzito unaozidi ule wa molekuli ya glukosi zaidi ya mara 800. Katika mnyama aliyekwisha kukua, protini kubwa namna hiyo huvunjwavunjwa tumboni mpaka iwe vipande vidogo, na kinga yake hupotea kama inavyopotea nguvu ya jembe lililoyeyushwa. Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti. Asidi ya tumbo lake ni kidogo, na dang'a yenyewe ina kitu kinachozuia vimeng'enya visizishambulie kingamwili. Zifikapo katika utumbo mwembamba, chembe za ukuta wake huzimeza nzimanzima pamoja na majimaji yaliyozizunguka, huzibeba katika vifuko vidogo, na kuzitoa upande wa pili ili ziingie katika damu.

Yafaa ieleweke kwamba mlango huu hauna bawabu. Utumbo wa panya huzichagua kingamwili na kuzipitisha kwa muda wa majuma karibu matatu. Utumbo wa nguruwe haubagui, bali hupitisha molekuli kubwa za kila aina, na hata vijidudu vyaweza kupenya. Ndiyo sababu chuchu zenye mavi ni hatari kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani: mtoto anyonyapo mara ya kwanza, uchafu nao huingia.

Mlango huo hufungwa baada ya saa 24 hadi 36, na kupungua kwake huanza mapema katika saa za kwanza. Kinachoufunga hasa ni chakula chenyewe. Katika miaka ya 1960 mtafiti J. G. Lecce, wa North Carolina, aliona kuwa watoto wa nguruwe waliopewa maji matupu waliendelea kuwa na uwezo wa kupitisha molekuli kubwa hata baada ya siku mbili au zaidi, lakini waliolishwa walifunga upesi. Hata glukosi peke yake iliweza kuufunga, kwa kadiri ya kiasi kilichonywewa.

Basi mfugaji anayemnywesha mtoto dhaifu maji mengi ya sukari kabla ya dang'a, akidhani anamtia nguvu, huenda anaufunga mlango kabla mgeni anayengojewa hajaingia. Wala asiseme mtu kuwa afadhali mtoto akae na njaa ili mlango ubaki wazi. Mtoto wa nguruwe huzaliwa karibu hana mafuta mwilini, na asiponyonya hupoa na kufa. Tena dang'a yenyewe haingoji: katika siku ile ya kwanza kingamwili zilizomo hupungua kwa zaidi ya nusu.

Hapana budi basi mwenye nguruwe awepo wakati wa kuzaa. Mimba ni siku 114 hivi, na katibu aliye na tarehe ya kupandwa aweza kumkumbusha mwanachama mapema. Chuchu zisafishwe. Kila mtoto akaushwe na kuwekwa chuchuni mara tu azaliwapo, bila kungoja wote watoke, kwani wakati wa kuzaa dang'a hutoka karibu mfululizo, na baadaye maziwa hushuka kwa sekunde chache tu, mara moja katika muda wa saa moja hivi. Kila mmoja ahitaji gramu 200 hadi 250 katika siku ya kwanza. Wanaoumia ni wadogo na waliozaliwa mwisho. Dawa yake haina gharama: wakubwa waliokwisha kushiba watiwe alama, wawekwe katika sanduku lenye majani makavu na joto kwa saa moja au moja na nusu, na wadogo waachiwe chuchu zote. Asiyeweza kunyonya akamuliwe dang'a ya mama na kunyweshwa polepole. Mama akifa, dang'a ya nguruwe mwingine aliyezaa siku hiyo yafaa. Ya ng'ombe hutumika pale tu ambapo hakuna nyingine, maana kingamwili zake zilitengenezwa dhidi ya maradhi ya ng'ombe.

Anayehamishiwa kwa mama wa kambo anyonye kwanza kwa mama yake mzazi, kwa kuwa dang'a ina pia chembe hai za kinga, na utumbo wa mtoto hupokea zile za mama mzazi tu.

Mlango ukishafungwa, maziwa hayakosi kazi, kwani yana kingamwili za aina nyingine zinazobaki ndani ya utumbo na kuulinda ukuta wake kila mtoto anyonyapo. Zile za damu haziongezeki tena mpaka mtoto aanze kujitengenezea zake za kutosha majuma kadhaa baadaye. Kwa vyama vinavyokopesha nguruwe jike, daftari la uzazi liongezewe safu mbili: saa mtoto wa kwanza alipozaliwa, na saa wa mwisho alipoonekana akinyonya.